Mpwa wangu alichezea Sweden U-17, sasa Kenya inamtaka. Je, kanuni zinaruhusu?

Mjomba_Nyanza

Hamjambo wakuu. Naomba ushauri wa wanaozijua kanuni zenyewe za FIFA, maana hapa ni maisha ya kijana wa watu.

Mpwa wangu ni winga, kazaliwa Göteborg mwaka 2006. Baba yake ni Mswidi. Mama yake, dada yangu, alizaliwa Kisumu kwa wazazi Wakenya, akachukua uraia wa Sweden mwaka 2004, yaani kabla mtoto hajazaliwa. Kijana alicheza mechi mbili za kirafiki na timu ya Sweden ya chini ya miaka 17, halafu Oktoba 2022 akaingia dakika ya 79 katika mechi ya kufuzu Euro ya vijana. Hajaitwa tena tangu hapo. Sasa anatakiwa kambini Kenya kwa mechi ya kirafiki ya wakubwa. Pasipoti ya Kenya hana.

Maswali yangu: je, zile dakika chache zimemfunga? Na je, anaweza kucheza hiyo ya kirafiki huku karatasi zikishughulikiwa?

Kanuni_Kwanza

Mjomba, anza kwa kutenganisha mechi zake. Zile mbili za kirafiki hazimfungi kabisa. Angekuwa na hizo tu, Kenya ingemchezesha kesho bila kuomba ruhusa kwa mtu, mradi uraia anao. Tatizo ni hiyo ya kufuzu. Ni mashindano rasmi ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na kanuni haiangalii umri wa timu wala wingi wa dakika. Akishakanyaga uwanja, hata dakika moja, amechezeshwa.

Kukaa benchi hakuhesabiwi, wala kuitwa kambini. Saido Berahino, mzaliwa wa Bujumbura, alichezea timu za vijana za England na Novemba 2014 akaitwa timu ya wakubwa, lakini hakuchezeshwa. Mwaka 2018 akaanza kuichezea Burundi. Laiti angeingizwa katika mechi ya mashindano rasmi ya wakubwa, masharti yake yangekuwa mazito zaidi.

Swali la pili: hapana. Aliyekwisha kucheza mashindano rasmi kwa nchi moja haruhusiwi kucheza mechi yoyote ya kimataifa kwa nchi nyingine, na ya kirafiki imo, mpaka FIFA iidhinishe kubadili shirikisho, yaani kuhama timu za nchi moja kwenda za nchi nyingine. Tena ombi likishaingia, hachezei upande wowote hadi lijibiwe. Kambini aende, afanye mazoezi, ale na wenzake. Jezi ya mechi asivae.

Wakili_wa_Pembeni

Mimi niseme la uraia, kwa sababu ndilo litakaloamua ombi.

FIFA inatofautisha kuwa na uraia na kustahili kuupata. Anayepewa uraia na sheria yenyewe tangu kuzaliwa, bila kuhitaji hatua nyingine, anahesabiwa kuwa nao hata kama hajawahi kushika pasipoti. Kwa hiyo tarehe ya kutolewa pasipoti siyo inayotazamwa. Linalotazamwa ni hili: ile Oktoba 2022, kijana alikuwa tayari Mkenya kisheria?

Kwa katiba ya zamani jibu lingekuwa gumu. Haikuruhusu uraia pacha, kwa hiyo dada yako alipochukua wa Sweden aliupoteza wa Kenya. Tena mtoto aliyezaliwa nje aliupata kwa baba, si kwa mama. Katiba ya 2010 imebadilisha yote mawili. Ibara ya 14(1) inasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba ni raia, popote alipozaliwa. Ibara ya 14(2) inawaingiza waliozaliwa kabla ya katiba hiyo, ikiwa mzazi mmoja *ni raia au alikuwa raia*. Neno "alikuwa" ndilo linalomwokoa mpwa wako. Katiba ilianza kazi tarehe 27 Agosti 2010, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikashikilia hivyohivyo kwa mtoto wa raia wa kuzaliwa. Yeye alikuwa na miaka mitatu au minne, miaka kumi na mbili kabla ya mechi hiyo.

Msichanganye na ibara ya 14(5). Hiyo ni ya mama. Yeye akitaka kurudi kuwa Mkenya, ataomba na kurejeshewa. Mtoto haombi kurejeshewa kitu ambacho hakuwahi kupoteza. Mkijaza fomu ya kurejesha uraia kwa jina lake, mtakuwa mmeandika kwa mkono wenu kwamba hakuwa raia, na tarehe ya uraia itasogea mbele hadi baada ya mechi ya Sweden.

Mjomba_Nyanza

Asante sana, hapo kwenye fomu tulikuwa tunaelekea kukosea. Na kama FIFA wasipokubali kwamba alikuwa raia wakati ule?

Kanuni_Kwanza

Kuna mlango wa pili, uliowekwa wazi na mabadiliko ya Septemba 2020. Asiyekuwa na uraia wa nchi mpya alipocheza mara ya kwanza anaweza kubadili, ikiwa mechi yake ya mwisho ya mashindano rasmi kwa nchi ya zamani aliicheza kabla ya kutimiza miaka 21, na ana uhusiano na nchi mpya: kuzaliwa humo, mama au baba kuzaliwa humo, babu au bibi kuzaliwa humo, au makazi. Mama kazaliwa Kisumu, kijana alikuwa mdogo, amepita. Anayezidi babu na bibi hahesabiwi, hata ukoo uwe na makaburi karne tatu.

Lakini ombi lisimame juu ya hoja moja. Nyingine iwe akiba.

Afisa_Karatasi

Sasa mafaili. Anayewasilisha ombi ni shirikisho la Kenya. Mchezaji hapeleki, wala wakala, wala mjomba. Mtakachoandaa ninyi ni hiki: cheti cha kuzaliwa cha kijana, cha Sweden, kikionyesha jina la mama, cheti cha kuzaliwa cha mama kutoka Kenya, pasipoti ya Kenya ya kijana iliyo hai, barua aliyoisaini mwenyewe akieleza kwa nini anabadili, na orodha ya mechi zake zote na Sweden, tarehe, mashindano na dakika. Ya Kiswidi yote yatafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa.

Kinachokwamisha wengi ni pasipoti. Mtu mzima haombi pasipoti ya Kenya kabla ya kupata kitambulisho cha taifa, na kitambulisho kinataka ushahidi wa wazazi. Anzeni ubalozini Stockholm mapema. Uraia wa Sweden pia autangaze kwa Uhamiaji, kwa sababu sheria ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha auweke wazi, na kuuficha ni kosa la jinai.

Linganisheni majina herufi kwa herufi. Mama akiwa "Akinyi" kwenye cheti cha Kisumu na jina la ndoa tu kwenye cha Göteborg, wekeni cheti cha ndoa katikati. Bila hicho, hao ni wanawake wawili kwa macho ya msomaji wa FIFA.

Beki_wa_Kati

Msikubali kuambiwa "tutacheza kwanza, karatasi zitafuata". Emilio Nsue alichezea timu za vijana za Hispania, akahamia Guinea ya Ikweta bila idhini ya kubadili shirikisho. Mwaka 2013 ushindi wa 4-3 dhidi ya Cape Verde, aliofunga mabao matatu, ukageuzwa kuwa kipigo cha 3-0. Akaendelea kuitwa. Alikuwa mfungaji bora wa AFCON 2023 kwa mabao matano, na miezi michache baadaye FIFA ikamfungia miezi sita na kuipokonya nchi yake ushindi dhidi ya Namibia na Liberia. Miaka kumi na moja, na shida ilikuwa ileile.

Malaysia ndiyo mbaya zaidi. Septemba 2025 wachezaji saba walifungiwa miezi 12 baada ya FIFA kupata vyeti halisi vya babu na bibi zao, vinavyoonyesha walizaliwa Argentina, Brazil, Hispania na Uholanzi, si Malaysia kama karatasi zilizopelekwa zilivyodai. Shirikisho likatozwa faranga 350,000 za Uswisi. Kwa hiyo cheti cha mama kichukuliwe kwenye daftari la msajili. Kopi ya mtu wa kati msiiguse.

Mwana_Tanga

Wasomaji wa huku kwetu wasiige kesi hii moja kwa moja. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, na hadhi maalum ya diaspora si uraia, kwa hiyo FIFA haiitambui. Na uraia peke yake hautoshi. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walipewa uraia, watu wakaanza kuwapanga Taifa Stars. Asiyezaliwa nchini na asiye na mzazi, babu wala bibi aliyezaliwa nchini lazima awe ameishi humo angalau miaka 5 ikiwa alihamia akiwa na miaka 18 au zaidi.

Mjomba_Nyanza

Nimeelewa. La mwisho: Sweden ikimkumbuka baadaye?

Kanuni_Kwanza

Kubadili ni mara moja tu. Idhini ikitoka na Kenya haijamchezesha bado, anaweza kuomba kurudi. Akishachezeshwa, imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kusaini ile barua, akae na mama yake na baba yake, aisome yote, na aiandike kwa maneno yake mwenyewe.

Mjomba_Nyanza

Kesho dada yangu anapiga simu ubalozini. Cheti chake cha Kisumu naenda kukifuata mimi kwa msajili.