Saa mbili zinazodaiwa kupotea katika safari ya Barney na Betty Hill: je, hesabu inasimama?

Mfuatiliaji wa Anga anauliza:

Ndugu zangu, naomba tuchambue pamoja jambo moja tu, yaani muda, katika tukio la Barney na Betty Hill, wanandoa waliosimulia kwamba walitekwa na viumbe kutoka angani. Sikusudii kufungua upya ubishi wa kama viumbe kutoka sayari nyingine wapo au hawapo, kwa sababu ubishi huo humeza kila hoja nyingine na kutuacha pale pale tulipokuwa.

Kwa wasiolikumbuka tukio lenyewe: usiku wa tarehe 19 Septemba 1961 mke na mume hao walikuwa wakirudi nyumbani kwao Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, baada ya mapumziko yaliyowafikisha Niagara na Montreal. Walisimama kula katika mji mdogo wa Colebrook, wakaondoka hapo saa nne na dakika tano usiku, wakashika barabara kuu namba 3 kuelekea kusini. Njiani waliona mwanga uliokuwa ukisogea angani, wakawa wanaufuatilia kwa macho na kusimama mara kadhaa ili wautazame kwa darubini, hadi walipofika eneo la Indian Head, kusini kidogo mwa bonde la Franconia Notch, ambako Barney alishuka garini, akausogelea, kisha akarudi mbio akiwa ameshikwa na hofu kubwa. Wakasikia milio ya mfululizo kutoka upande wa nyuma wa gari. Iliposikika tena walijikuta wako karibu na Ashland, maili 35 kusini zaidi kwa makadirio yao, bila kumbukumbu kamili ya kipande hicho cha barabara. Walifika nyumbani alfajiri, baada ya saa kumi na moja.

Hoja inayorudiwa kila mara ni kwamba safari hiyo ya maili 178, yaani kama kilomita 286, ilipaswa kuchukua takriban saa nne, ilhali ilichukua saa saba. Hapo ndipo zinapopatikana saa tatu, au mbili kwa wanaohesabu pia vituo vya njiani, zinazosemekana kupotea. Mimi nakwama hapo. Saa hizo hakuna aliyezishuhudia zikipotea. Zimepatikana kwa kutoa namba moja kutoka nyingine, na namba inayotolewa ni makadirio ya mwendo wa gari usiku, milimani, likiendeshwa na mtu ambaye kila mara alikuwa anapunguza mwendo ili atazame angani.

Kuna jambo jingine lililonifanya niandike. Masimulizi mengi yanasema kwamba mwanga ule ulionekana kwa mara ya kwanza kama saa nne na nusu usiku, kusini kidogo mwa Lancaster. Nimepima ramani: kutoka Colebrook hadi Lancaster kwa barabara namba 3 ni kama kilomita 58. Ili watoke Colebrook saa nne na dakika tano na wawe wameipita Lancaster saa nne na nusu, gari lao lingepaswa kwenda kwa wastani wa karibu kilomita 140 kwa saa, katika barabara ya njia mbili inayofuata mto na kukatiza miji midogo, gizani. Sidhani kama hilo liliwezekana. Ama saa ya kuondoka si sahihi, ama saa ya kuuona mwanga si sahihi, ama mahali penyewe si sahihi. Je, kuna mtu aliyewahi kuipanga safari hii hatua kwa hatua na kuona ni kiasi gani cha muda kinachobaki bila maelezo?

Msoma Majalada anajibu:

Umegusa mahali penyewe, ndugu. Naongeza jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kasi ya gari, nalo ni lini pengo hili lilianza kuzungumzwa, na nani alilizungumza kwanza.

Betty aliwasiliana na kambi ya jeshi la anga ya Pease siku chache tu baada ya safari, na muda mfupi baadaye akaiandikia barua taasisi ya NICAP, iliyokuwa ikikusanya taarifa za vitu visivyotambulika angani. Tarehe 21 Oktoba 1961 Walter Webb, mtaalamu wa nyota wa Boston, aliwahoji wote wawili kwa saa nyingi kwa niaba ya taasisi hiyo. Katika hatua zote hizo hapakuwa na malalamiko ya muda uliopotea. Walisema kwamba kuna sehemu hawaikumbuki vizuri, lakini hawakusema kwamba walichelewa kufika kwa namna isiyoelezeka. Suala la muda liliibuka tarehe 25 Novemba, zaidi ya miezi miwili baada ya safari, pale wahoji wengine wawili waliokwisha kuisoma ripoti ya Webb walipowauliza kwa nini walitumia muda mrefu kiasi kile barabarani. Wenyewe walishangaa.

Tafakarini maana yake. Mtu aliyefika nyumbani akiwa amechelewa kwa saa mbili au tatu, tena katika safari ambayo alikwisha kujiwekea saa ya kufika, kwa kawaida huligundua hilo siku ile ile. Hawa hawakuligundua, na pengine ni kwa sababu walipofika hawakuona cha ajabu: walijua kwamba walisimama mara nyingi, walijua kwamba waliendesha polepole, na walikuwa wamechoka mno. Pengo likawa pengo baada ya mtu mwingine, akiwa na ramani mezani, kuwaambia kwamba lipo.

Tangu hapo swali halikuwa tena kama muda ulipotea, bali nini kilitokea ndani yake. Jibu lilikuwa tayari linangoja, kwa kuwa Betty alikuwa ameota ndoto mfululizo siku kama kumi baada ya tukio, ndoto za kuchukuliwa na kuingizwa ndani ya chombo. Mwaka 1964, kuanzia Januari hadi Juni, daktari wa magonjwa ya akili Benjamin Simon aliwalaza mmoja mmoja usingizi wa hipnosi, yaani hali kama usingizi ambamo mtu huulizwa kuhusu kumbukumbu zake, na simulizi la kutekwa likatoka kwa ukamilifu wake. Simon mwenyewe hakushawishika kwamba walitekwa. Alihitimisha kwamba ndoto za Betty ndizo zilizozaa simulizi hilo na kwamba Barney alilipokea kutoka kwa mkewe. Wasomaji wengi humtaja daktari huyu kana kwamba alithibitisha kutekwa, na jambo hilo hunisikitisha, kwa sababu ni kumtendea isivyo haki yeye na wagonjwa wake pia.

Dira ya Kusini anajibu:

Ninaheshimu hoja zenu, lakini naona mnakwenda haraka kidogo. Kutoliona pengo si ushahidi kwamba pengo halikuwepo. Watu waliopatwa na hofu kubwa hawakai kupiga hesabu za mwendo, na isitoshe wanandoa hawa walieleza kwamba saa zao za mkononi zilikutwa zimesimama, kwa hiyo hawakuwa na chombo cha kuwazindua njiani.

Nimejaribu kuipanga safari kama ulivyoomba, Mfuatiliaji. Kutoka Colebrook hadi Indian Head ni takriban kilomita 118. Tukikubali wastani wa kilomita 60 kwa saa, ambao ni wa upole kabisa kwa barabara ile usiku, wangefika saa sita na dakika chache. Tuwaongezee saa nzima kwa ajili ya kusimama, kumtembeza mbwa wao, kutazama kwa darubini na kujikokota bondeni wakiwa wameinua macho juu. Sasa ni saa saba na dakika chache usiku. Zinabaki kama kilomita 168 hadi Portsmouth, ambazo kwa mwendo ule ule ni saa mbili na dakika hamsini. Wanaingia nyumbani kabla kidogo ya saa kumi. Hata kwa ukarimu huo wote, bado nina zaidi ya saa moja ambayo siwezi kuieleza.

Kwa hiyo nakubali kwamba saa tatu ni chumvi, na huenda hata mbili. Sikubali kwamba zimeyeyuka zote.

Msoma Majalada anajibu:

Dira, mpangilio wako ni wa haki kuliko mingi niliyoiona, na nakushukuru kwa kuuweka wazi ili tuukague. Angalia tu kwamba saa moja uliyowapa kwa kusimama nayo umeikadiria. Ukiwapa saa moja na nusu, na ukishusha wastani hadi kilomita 52 kwa saa, safari nzima inafika saa saba kamili na hakuna kinachobaki. Simaanishi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ninachosema ni kwamba pengo linalofutika kwa kubadili wastani kwa kilomita nane na kuongeza nusu saa ya kusimama tu haliwezi kubeba mzigo wa kutekwa na viumbe.

Zaidi ya hapo, wao wenyewe walikumbuka baadaye kwamba waliiacha barabara kuu na kuingia njia ya pembeni. Watu wawili waliochoka, wenye hofu, wanaokwepa kitu wanachoamini kinawafuata, wakiingia vijia vya msituni wasivyovifahamu, wanaweza kupoteza nusu saa kwa urahisi kabisa.

Mpima Nyota anajibu:

Nitachangia kwa ufupi upande wa ushahidi wa nje, kwa sababu mpaka sasa tunapima kumbukumbu kwa kumbukumbu.

Umuhimu wa rekodi ya nje unaonekana vizuri katika tukio la msitu wa Rendlesham nchini Uingereza, ambako askari wa kambi ya jirani ya jeshi la anga la Marekani walisema waliona mianga ya ajabu. Luteni Kanali Charles Halt aliandika katika waraka wake wa Januari 1981 kwamba tukio la kwanza lilitokea alfajiri ya tarehe 27 Desemba 1980, ilhali kumbukumbu za polisi wa Suffolk zinaonyesha kwamba simu kutoka kambini iliingia saa kumi na dakika kumi na moja alfajiri ya tarehe 26. Ofisa mwenye nidhamu ya kijeshi, akiandika majuma machache tu baadaye, alikosea siku nzima.

Kwa akina Hill kuna rekodi moja inayotajwa mara kwa mara: rada ya Pease ilinasa kitu kisichotambulika saa nane na dakika kumi na nne usiku ule. Tatizo ni kwamba kambi ile ilikuwa jirani na Portsmouth, mbali na Indian Head, na saa yake haioani na mwanga ulioonekana saa kadhaa kabla. Inathibitisha kwamba rada ilinasa kitu. Haitusaidii kuipanga safari.

Kinachoweza kusaidia ni mbingu yenyewe. Betty alieleza kwamba mwanga ulianzia chini ya mwezi na sayari ya Jupita. Mwezi husogea angani kama nyuzi 15 kila saa, na mahali ulipokuwa dakika yoyote ya usiku ule panaweza kukokotolewa kwa usahihi. Kwa kila kituo ambako walisema mwezi ulikuwa upande fulani, au juu ya kilima fulani, tunaweza kupata saa isiyotegemea makadirio ya mtu yeyote.

Mfuatiliaji wa Anga anajibu:

Nawashukuru wote. Mpima Nyota, hilo ndilo nililokuwa natafuta bila kujua pa kulipata. Nitaanza na mwanga wa kwanza kusini mwa Lancaster, kwa sababu pale ndipo saa inayotajwa na umbali vinapogongana waziwazi. Dira, naomba mpangilio wako uwe msingi, kisha kila saa tutakayoipata kwa mwezi tuipachike ndani yake. Kama kuna mwenye maelezo ya mwanzo ya Betty, yaliyoandikwa kabla ya Novemba 1961, yanayotaja mwezi ulikuwa upande gani wa barabara walipofika Indian Head, tafadhali ayaweke hapa; ya baada ya 1964 naomba tuyaweke kando kwa sasa.