Sare ya Jumamosi

*Alhamisi*

18:41 Mama Neema: Habari za jioni majirani. Wote msome hapa. Jumamosi saa nne asubuhi mheshimiwa anakuja tena kuangalia mtaro. Nimeongea na mtu wa Makoroboi, doti ya kitenge 15,000. Kijani, maua ya njano. Hela mwisho kesho saa sita mchana.

18:52 Mama Neema: Naona tiki za bluu tu. Vidole hamna?

18:58 Sele Mitumba: Mama Neema, akija na yale mabuti ya mvua ya siku ile mwambie nanunua. Yalikuwa na stika ya dukani 😂

18:59 Penda: 🤣🤣 kisigino cha kulia!! Nilidhani nimeona peke yangu

19:00 Sele Mitumba: Namba 44. Mimi nauza viatu Mlango Mmoja, sikosei.

19:03 Mama Neema: Sele, tuko kwenye jambo la maana.

19:10 Baba Khadija: Kijani na njano. Tunapokea mgeni wa mtaro au tunakwenda mkutano wa CCM? Mimi sivai. Picha ikibandikwa nitaambiwa nimerudi nyumbani.

19:11 Mama Neema: Ni maua tu jamani

19:13 Baba Khadija: Nchi hii hakuna maua tu. Kaki ilikuwa ya walinzi na wanafunzi, CHADEMA wakavaa magwanda, ukipita na shati lako la kaki unaulizwa habari za M4C, ile kampeni yao. Zambarau wameichukua ACT. Tumebaki na kijivu.

19:14 Sele Mitumba: Kijivu kama dagaa. Tupange mstari tuanikwe Mwaloni 😂😂

19:20 Ticha Rehema: Lakini Baba Khadija ana hoja. 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, si alitolewa bungeni kwa ajili ya suruali? Na aliyesimama kulalamika ni mbunge wa Nyang'hwale, hawa hawa jirani zetu wa Geita. Kenya nao Novemba 2023 Spika wao kapiga marufuku kaunda suti bungeni, wakati Ruto ndiyo vazi lake. Mama Samia alipoapishwa na ule ushungi mwekundu, nchi iko msibani, hapa mtaani si tulibishana wiki nzima maana yake nini.

19:22 Penda: Mimi nilisema ni damu ya ujasiri. Mkanicheka

19:24 Mama Neema: Ticha asante kwa kipindi. 15,000 umetuma?

19:24 Ticha Rehema: 🙈

19:31 Mama Juma: Kabla ya hiyo 15,000, ile 8,000 ya fulana za Mwenge iliishia wapi?

19:32 Mama Neema: Mama Juma hayo yaliisha kwa mwenyekiti.

19:33 Mama Juma: Yaliisha kwenu. Fulana yangu naiona kila Jumapili kwenye mgongo wa mtu, na simtaji.

19:33 Penda: _Ujumbe huu umefutwa_

19:34 Sele Mitumba: Nimeshausoma Penda 😂

20:47 Mzee Masanja: Salamu kwenu. Anaandika mjukuu, mimi nasema. Enzi za Mwalimu nimeshona kaunda suti hadi vidole vikapinda. Wakubwa walikuja kupimwa, wanataka mifuko minne, tai hapana. Halafu anafungua mfuko anatoa kitambaa cha Uingereza. Ukimwona kwa mbali mjamaa. Mimi niliyeshika sindano nilijua. Huyu wenu mabuti alivalia kwenye baraza langu. Akakanyaga tope, picha ikapigwa, akavua, dereva akayafuta akayarudisha kwenye boksi. Maji ya mtaro huo yaliingia chumbani bibi yenu marehemu akiwa kitandani, hawezi kuinuka. Nilimbeba na kaptula na fulana ya ndani. Jumamosi nitavaa hivyo hivyo. Nyie shoneni.

21:06 Baba Khadija: Shikamoo mzee.

21:07 Ticha Rehema: Shikamoo babu 🙏

21:19 Mama Neema: Shikamoo mzee wangu. Basi sare si lazima. Ila wale watano wa mbele wa kumpokea wavae, maana Makoroboi nimeshatanguliza hela kidogo.

21:20 Mama Juma: Hela ya nani?

21:26 Sele Mitumba: Babu shikamoo. Samahani kwa utani wa mabuti.

*Ijumaa*

06:12 Mama Pili: Samahanini, nilikuwa Ukerewe, mtandao ulikuwa shida. Sare rangi gani?

06:30 Mama Neema: Njoo inboksi mama Pili.

11:48 Mama Neema: Waliotuma ni watatu, wa nne mimi. Mwenyekiti anauliza koleo zipo ngapi, na nani amwambie mzee avae japo shati.

11:55 Baba Khadija: Koleo ninayo. Hilo la mzee msinihesabu.

12:20 Mama Pili: Nimetuma 15,000. Kijani ipi, ya majani au ya chupa?