Mtaalamu wa maabara mwenye vituko: shujaa mzuri, au anatufundisha vibaya kuhusu ushahidi?

Mleta mada

Ndugu zangu, hodi humu. Nimesoma na kutazama hadithi za upelelezi tangu utotoni, na leo naleta hoja iliyonikaa rohoni muda mrefu. Mnamjua yule shujaa: anazungumza na mafuvu, anafuga funza ofisini, hata kusalimia watu kunamshinda, ila akiinamia hadubini dakika mbili anamtaja muuaji. Nampenda kama mnavyompenda. Lakini naamini anatuzoesha kumwamini mtu na kusahau kukagua kazi yake.

Sina ugomvi na vituko vyenyewe. Tatizo langu ni kazi vinavyopewa katika hadithi. Mwandishi anamfanya wa ajabu ili tuone hana njama: hajali cheo, hatafuti sifa, hajui hata kusema uongo mdogo wa adabu. Tukishakubali kwamba hawezi kudanganya, tunateleza bila kujua na kuamini kwamba hawezi kukosea. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tena haya hayaishii kwenye runinga. Uingereza ilikuwa na shujaa wa namna hii mwenye damu na nyama, Sir Bernard Spilsbury, mchunguzi wa maiti aliyepata jina mwaka 1910 katika kesi ya Crippen, daktari aliyeshtakiwa kumuua mkewe. Alipendelea kufanya kazi peke yake, na akisimama kizimbani kutoa ushahidi alisema kwa uhakika uliowanyamazisha watu. Mwaka 1925 mfugaji wa kuku aitwaye Norman Thorne alishtakiwa kumuua mchumba wake. Yeye alidai binti alijinyonga. Madaktari wa upande wa utetezi walimpinga Spilsbury kuhusu alama za shingoni, lakini jopo la raia lililoamua kesi lilimwamini Spilsbury, na Thorne akanyongwa. Ubishi juu ya kesi ile haujaisha hadi leo. Jopo lilipima nini pale, alama za shingo au jina la mtu?

Swali langu ni hili: waandishi waendelee kutupa shujaa wa aina hii, au umefika wakati wa kumbadilisha?

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, heshima yako, ila hapa umemtwisha mhusika wa kubuni mzigo usio wake. Madai kwamba tamthilia hizi zinaharibu mahakama yameshapimwa. Mwaka 2006 jaji Donald Shelton wa Michigan, Marekani, alikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,000 walioitwa kwa kazi ya jopo. Asilimia 46 walisema wanatarajia kuona ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Ni wengi, nakubali. Lakini hakupata uhusiano wa wazi kati ya kutazama tamthilia hizo na namna watu wanavyosema wangeamua kesi. Watu wanajua hadithi ni hadithi.

Halafu umechagua mfano unaokufaa. Chukua wangu. Mwaka 1984 Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, aligundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Muda si mrefu polisi wakamwomba msaada: wasichana wawili waliuawa katika vijiji vya jirani, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986, na kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kuhusu yule wa pili. Vipimo vikaonyesha mwuaji ni mmoja katika visa vyote viwili, na si kijana yule. Yaani mara ya kwanza vinasaba vinatumika katika kesi ya mauaji, vilimwokoa asiye na hatia. Mdadisi mmoja wa maabara alisimama kati ya mtoto wa watu na jela. Huyo kwangu ni shujaa, na wakimwandikia riwaya ishirini nitazisoma zote.

Mleta mada

Dada, mfano huo naupenda kuliko wangu, ndiyo maana nataka tuumalize. Baada ya kijana kuachiwa, polisi waliomba damu na mate ya wanaume zaidi ya 5,000 wa eneo lile. Hakuna aliyelingana. Mhalifu, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Hadubini isingeligundua hilo hata siku moja. Lilijulikana kwa sababu yule mwenzake alilisema baa, mtu akasikia, akaripoti. Pitchfork alihukumiwa mwaka 1988. Sayansi ilifanya kazi yake, na masikio ya watu yakafanya yake. Katika tamthilia, ile sehemu ya baa ingekatwa ili sifa zote zibaki maabara.

Na huo utafiti wa jaji unaniongezea wasiwasi. Karibu nusu ya watu wanadai sayansi kila kesi, hata pale isipohitajika. Wameupata wapi uhakika huo?

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi maabara ya uchunguzi wa jinai kwa miaka, nichangie kidogo.

Vituko havinisumbui, na wenzangu kadhaa wanavyo. Kinachonisumbua ni kwamba shujaa wenu anaokota kielelezo, anakipima mwenyewe, anamhoji mtuhumiwa, kisha yupo wakati wa kumkamata. Katika kazi hii, mtu anayejua kila kitu kuhusu kesi ndiye asiyepaswa kushika kipimo, kwa sababu macho huona kile akili inachokitarajia.

Mnakumbuka mabomu ya treni za Madrid, Machi 2004? FBI, wapelelezi wa Marekani, walisema alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko wenye vifaa vya kulipulia mabomu ni ya wakili mmoja wa Oregon, Marekani. Wataalamu wengine wa FBI walikagua wakakubali. Hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa kupitia mahakama alikubali. Polisi wa Hispania ndio waliokataa, na baadaye wakampata mwenye alama, mtu mwingine kabisa. Serikali ya Marekani ilimlipa wakili yule dola milioni 2 na kumwomba radhi. Kwa hiyo, mleta mada, usidhani dawa ni kumwongezea shujaa msaidizi wa kukagua. Mkaguzi wa pili akishajua jibu la kwanza, huwa anaitikia tu.

Kuna na ile ya Ujerumani. Baada ya polisi wa kike kuuawa Heilbronn mwaka 2007, vinasaba vya mwanamke mmoja asiyejulikana vilikutwa pale, na vilikuwa vikionekana katika matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi, uvunjaji wa nyumba. Zawadi ya atakayesaidia kumpata mhalifu ikapanda hadi euro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba ni vya mfanyakazi wa kiwandani aliyefungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa kuua vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Kila mashine ilisema kweli, na kila hitimisho lilikuwa la uongo.

Naomba hadithi moja tu iandikwe hivyo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwandishi wa riwaya za upelelezi. Nitawaambia ukweli: msomaji anataka kumalizia usiku akiwa na jibu. Shujaa anayesema "matokeo hayatoshi kuhitimisha" anamwachia msomaji njaa. Hilo si uvivu wetu, ndivyo hadithi hii ilivyojengwa.

Ila mleta mada amenikumbusha jambo. Scotland Yard, yaani polisi wa London, walianzisha ofisi ya alama za vidole mwaka 1901. Mwaka 1907 tu, R. Austin Freeman akamtambulisha Daktari Thorndyke, mmoja wa mashujaa wa kwanza wa maabara katika riwaya, na kesi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba alama ya dole gumba iliyokutwa kwenye damu imeghushiwa. Dunia ilikuwa inaanza kuziabudu alama za vidole, na yeye akaanza kwa kuzitilia shaka! Kumbe aina hii ya hadithi ilizaliwa na shaka ndani yake. Sisi tuliokuja baadaye ndio tulioitoa.

Na kuhusu vituko, kipo cha kweli kinachonigusa sana. Frances Glessner Lee, mama tajiri wa Marekani, alitengeneza vyumba vidogo kama vya wanasesere, kila kimoja tukio la kifo: kalenda ukutani, soksi ndogo alizozifuma kwa mkono, madoa ya damu mahali pake. Vingi vipo hadi leo, na polisi walifundishwa navyo kutazama kwanza, wasikimbilie jibu. Kituko chake chote kilikuwa subira. Huyo anaandikika.

Mleta mada

Mwandishi, asante, na wewe wa maabara umenisahihisha: kweli nilikuwa nakuja na wazo la msaidizi wa kukagua. Nalifuta.

Basi mwacheni na funza wake. Aongee na mafuvu, avae viatu visivyolingana, sina neno. Nataka ukurasa mmoja tu katika mfululizo mzima, baada ya tumeshampenda, tumeshamwamini katika kesi saba. Maabara ya mji mwingine, ambayo haikuambiwa jibu lake, inampigia simu. Anasikiliza bila kubisha. Anavua miwani. Kisha anauliza kitu ambacho sijawahi kumsikia shujaa wa aina yake akiuliza: "Yule niliyemtaja mimi, yuko gerezani tangu lini?"