Mafundi mnaokaza mkanda wa AC mpaka unalia kama uzi wa gitaa, mnatumalizia magari!

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aje hapa kuniambia "tulia mkuu, gari ni chuma tu". Chuma hicho nimekinunua kwa jasho, na kimeharibiwa na mtu niliyemlipa akitengeneze.

Gari ni Toyota RAV4 ya zamani, zile za mwanzo kabisa, injini aina ya 3S. Wenye nazo mnajua lilivyo: mkanda mmoja unatoka puli ya krenki (gurudumu linalozungushwa na injini yenyewe), unapita kwenye kompresa ya AC kule chini, ile pampu ya gesi ya ubaridi, unapanda kwa alternata inayochaji betri, unarudi. Pawa stelingi ina mkanda wake peke yake, na pampu ya maji inazungushwa na taimingi belti, mkanda mwingine kabisa, huko hakuhusiki. Kwa hiyo kwenye injini hii ukigusa mkanda wa AC umegusa na chaji ya betri. Hakuna cha kusema "ah, AC si lazima".

Mkanda wangu ulikuwa umechoka. Nyufa nyufa kwenye mifereji ya ndani, asubuhi ukiwasha AC unapiga kelele sekunde chache halafu unanyamaza. Kitu cha kawaida kwa gari la umri ule. Na kwa joto la Dar la mwezi wa pili, ukikwama foleni ya Mwenge bila AC, utanielewa kwa nini sikutaka kusubiri. Nikapeleka gereji moja ambayo watu wengi wanaisifia. Jina silitaji, ila wao wenyewe wakisoma watajijua.

Fundi akaagiza mkanda, ukaja na bodaboda. Kuuweka, hauingii. Alternata ameisukuma mpaka mwisho, imelala kabisa upande wa injini, na bado mkanda haufiki kwenye puli ya krenki. Hapo mtu mwenye akili anafanya nini? Anachukua mkanda wa zamani, anaulinganisha na mpya, anaona ni mfupi, anaurudisha dukani. Huyu bwana akauvika kwenye alternata na kompresa, akaupachika nusu nusu kwenye ukingo wa puli ya krenki, akaushikilia kwa bisibisi, akamwambia kijana wake aliyekaa kwenye usukani: "Piga stata kidogo kidogo." Mkanda ukapanda kwa kujinyonga juu ya ukingo wa puli, "pap!", ukaingia. Nikamuuliza, fundi, hii ni sawa kweli? Akanijibu, "Mkuu, huu mkanda haulegei hata miaka mitano." Akaufinya kwa dole gumba kunionyesha. Haukubonyea hata kidogo! Na yeye anasema kwa fahari, kana kwamba ndiyo sifa.

Ndugu zangu, ndani ya ule mpira kuna nyuzi ndizo zinazobeba nguvu yote. Ukiupandisha mkanda kwa stata unazikata zile za pembeni kabla gari halijatembea hata hatua moja. Nje utaona mkanda mpya unang'aa, kumbe ndani umeshaanza kuchanika.

Lakini mkanda wenyewe ni hasara ndogo. Mkanda uliokaza kupita kiasi unavuta muda wote. Unaivuta alternata, unaivuta puli ya kompresa, na kinachobeba mvuto huo ni beringi, zile duara za gololi zinazofanya puli izunguke laini. Beringi ya mbele ya alternata imetengenezwa kwa mzigo wa kiasi fulani, ukiizidishia inachemka, grisi inakimbia, inaanza kunguruma. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Haikupita muda mrefu nikaanza kusikia mngurumo mwembamba upande wa tairi la mbele la dereva, unapanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Nikarudi gereji. Jibu: "Mkanda mpya lazima ulie, utazoea." Nani kawaambia mkanda wa mifereji uliofungwa vizuri unalia? Mkanda sahihi, wenye mkazo sahihi, unakaa kimya.

Halafu taa ya betri ikaanza kuwakawaka kwenye dashibodi. Alternata kwisha. Na mnajua walichosema? "Alternata yako ilikuwa imeshachoka, mkanda wa zamani ulikuwa unaificha." Nikalipa alternata nyingine ya mtumba. Wakaifunga kwa mkanda ULE ULE MFUPI. Ule ule, wakuu! Mngurumo ukarudi, safari hii unatokea chini zaidi, kwenye kompresa. Uamuzi wao: kompresa imekufa, nunua nyingine, tutoe gesi, tufunge, tujaze gesi upya. Wakanitajia bei ambayo kwa gari langu ni wizi wa mchana kweupe. Au kama sina hela, wakasema, wakate shauri waruke kompresa, waweke mkanda mfupi zaidi wa krenki na alternata tu, nifungue vioo.

Hapo ndipo nikaondoa gari langu.

Nikampelekea mzee mmoja fundi umeme wa magari. Hakuanza kwa kunitajia bei. Alizima gari, akaingiza mkono na tochi, akaniita nitazame. "Unaiona ile bolti ya kukazia?" Alternata inatembea kwenye bati lenye uwazi mrefu, ndimo bolti inamoteleza ukikaza au kulegeza. Bolti ilikuwa imegota mwisho kabisa wa uwazi, upande wa injini. Hakuna hata nafasi ya karatasi. Kwa mkanda wa saizi sahihi, ukiwa mpya, bolti inatakiwa ibaki na nafasi pande zote mbili, ya kukazia na ya kulegezea. Ikigota upande ule, mkanda ni mfupi, hakuna mjadala.

Akauchomoa. Mkanda wa zamani nilikuwa nimeuhifadhi kwenye buti, kwa hiyo tukaining'iniza yote miwili kwenye mpini wa spana. Ule mpya uliishia juu ya ule wa zamani kwa upana wa vidole viwili. Na kumbukeni ni duara, kwa hiyo upungufu halisi ni mara mbili ya hapo. Vidole vinne! Hata kama wa zamani ulikuwa umevutika, haujavutika kiasi hicho.

Namba zipo kwenye mgongo wa mkanda, si siri. Ukiona kwa mfano 5PK1100, maana yake mifereji mitano na urefu wa milimita 1100. Basi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma. Na kwa wanaotaka ya Toyota yenyewe, namba za mikanda yao mingi zinaanza na 90916, unamtajia muuzaji namba ya chesesi anakutolea ya gari lako. Lakini duka lile la spea nalo, walipoulizwa, wakasema "mkanda wa RAV4 ni mmoja tu". Injini tofauti, magari ya miaka tofauti, yenye AC na yasiyo na AC, wanasema ni mmoja tu. Mnauza spea au mnauza mihogo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kukaza mkanda kwenye gari hili ni kazi nyepesi mno. Unalegeza bolti ya egemeo la alternata, unalegeza ya kufungia, halafu ipo bolti ndefu ya kurekebisha, unaizungusha taratibu kwa spana mpaka mkazo utoshe, unafunga zile mbili. Waliotengeneza gari waliweka bolti ile makusudi ili mtu asitumie mabavu. Lakini nenda gereji zetu uone: mtaimbo umechomekwa kati ya injini na alternata, mtu kaulalia kwa uzito wake wote, mwingine anakaza. Bodi ya alternata ni aluminiamu! Inapasuka. Nimeona kwa macho yangu gari la mtu mwingine pale pale gereji likiwa na sikio la alternata limekatika, na wao wanalichomelea.

Vitabu vya mafundi vya Toyota vya enzi hizo viko wazi kabisa. Mkanda mpya unapewa mkazo mkubwa kuliko mkanda uliokwisha kutumika, na ukishafunga mpya, unawasha injini kama dakika 5, unazima, unaupima tena. Kwa hesabu zao mkanda uliozunguka dakika 5 tayari si mpya. Kwa hiyo hata hoja ya "tunakaza sana kwa sababu utalegea" imeshajibiwa: funga, washa, subiri, pima tena. Nani amewahi kufanyiwa hivyo hapa mjini? Anyooshe mkono.

Na kuhusu kompresa yangu "iliyokufa". Mzee alizungusha puli kwa mkono bila mkanda, ikakwaruza. Akazungusha sahani ya klachi ya mbele, ile iliyofungwa kwenye shafti ya kompresa, ikazunguka laini. Kompresa ni nzima, haina tatizo! Kilichokufa ni beringi ya puli. Beringi ile inazunguka muda wote injini ikiwaka, AC uwashe usiwashe, ndiyo maana kelele haikukoma hata nilipozima AC. Inabadilishwa peke yake, na mara nyingi mipira ya gesi haiguswi kabisa. Wale walitaka niuziwe kompresa na gesi kwa ajili ya beringi.

Ile gereji, nimeshawapigia na mmenikatia simu. Mlisema mkanda hauna waranti. Sidai mkanda. Nadai hela ya alternata mliyoiua na ya kazi mliyoifanya mara mbili kwa mkanda mlioujua ni mfupi, maana mimi mwenyewe niliwaona mkihangaika nao. Risiti ninazo na mkanda wenu ninao, namba zake zinasomeka.

Wadau, kwa sasa gari limepaki. Mkanda sahihi nimeshapata, ninachotafuta ni beringi ya puli ya kompresa ya 3S, mpya na ya uhakika, si ile ya kung'aa inayoanza kulia wiki ya kwanza. Mwenye duka analoliamini Kariakoo au Ilala aseme hapa. Na kama kuna fundi wa AC anayetoa puli kwa kifaa chake, si kwa nyundo na tindo, niwekeeni eneo alipo, nitamfuata hata Kibaha.