Mita ya mezani inagoma kusoma ampea baada ya kubadili fyuzi

waya_mwekundu: Wakuu habari, naomba msaada. Juzi nilisahau probu kwenye tundu la ampea nikaenda kupima 24V ya pawasaplai, ikatoa cheche na kimya. Nimefungua nikakuta fyuzi ya kioo 10A wakati nyuma ya mita imeandikwa 3A, aliyekuwa nayo kabla yangu ndiye aliweka. Nimeweka 3A mpya lakini renji zote za ampea inaandika tu OVLD (yaani imezidiwa) hata nikipitisha umeme kidogo. Volti na ohm ziko sawa kabisa. Nimekwama kweli, hii mita naitegemea.

fundi_saketi: Pole mkuu. Usiguse rilei (swichi za umeme za ndani) wala IC (chipu) kwanza. Pitisha 12V kupitia rezista ya 120 ohm (iwe ya wati 2 au zaidi maana itachemka) kisha kwa mita nyingine pima volti kati ya tundu la ampea na COM (tundu la probu nyeusi), utuambie.

waya_mwekundu: Inasoma 1.3V.

fundi_saketi: Basi hapo shanti (rezista ndogo sana ambayo mita inapimia ampea) imekatika, au njia yake. Shanti ya 0.1 ohm ikipitisha 100mA inadondosha 10mV tu, ukijumlisha fyuzi na waya bado hufiki huko. 1.3V ni dayodi mbili za ulinzi zimefuatana, umeme umekosa njia ukapita kwao. Chomoa waya wa mains, nyanyua bodi, angalia kwenye miguu ya shanti.

mama_ohm: Naongezea, hizo dayodi zimebeba mzigo wote siku ile, zing'oe uzipime nje ya bodi, ikivuja inaiba sehemu ya umeme na renji kubwa zitasoma pungufu. Na tafadhali fyuzi ya kioo toa, weka ya kauri yenye mchanga ndani, ampea na volti zilezile zilizoandikwa, ya kioo ikikutana na shoti kubwa inaweza kupasuka na mkono wako upo hapo hapo.

waya_mwekundu: Mungu awabariki. Shanti nzima, ila njia ya shaba inayoingia kwake imeungua, imebaki mstari mweusi na bodi imebabuka kidogo. Nimekwangua nikaunga waya kama sentimita 3, OVLD imeondoka! Dayodi nimepima zote nzima. Ila mita nyingine ikionyesha 100.0mA hii inaandika 102.6.

mama_ohm: Umeunga waya ndani ya sehemu inayopimwa dada/kaka. Kwenye 0.1 ohm kila miliohm 1 ya ziada ni kosa la asilimia 1. Ile njia nyembamba inayoenda kwenye amplifaya (inayokuza volti ya shanti ili isomwe) lazima ianzie kwenye mguu wa shanti wenyewe, siyo upande wa pili wa waya wako.

waya_mwekundu: Kumbe! Niliiunga upande wa tundu. Nimeihamishia mguuni, nikafuta fluksi (mabaki ya dawa ya kulehemu) kwa spiriti, sasa 100.0 kwa 100.0. Fyuzi ya kauri nimeshaweka.