Mrejesho: shati la kitani lililokuwa linakakamaa

Habari zenu wote. Niliomba msaada kuhusu shati langu la kitani lililokuwa linakakamaa kama kadibodi kila nikilifua, tena lina doa la mafuta kifuani.

Ushauri wa kupunguza sabuni ndio ulioniokoa. Nilililoweka kwenye maji ya uvuguvugu bila sabuni yoyote, na bado maji yakatoa povu! Kumbe sabuni ya siku zote ilikuwa imeganda kwenye nyuzi. Nikasuuza mara 3, ya mwisho nikatia siki nyeupe kidogo. Sikulikamua, nililikung'uta tu, nikalitundika kivulini, kisha nikalipiga pasi likiwa bado na unyevunyevu, upande wa ndani ukiwa nje. Aliyesisitiza hili la unyevu, Mungu akubariki. Mikunjo ya kola iliyonishinda muda wote ililala.

Doa limefifia tu. Sabuni ya vyombo imetoa sehemu kubwa, ila kivuli chake bado kinaonekana juani, nadhani kwa kuwa nilishalipitisha pasi kabla ya kulishughulikia. Na mikono ya shati, iliyokuwa imeshasinyaa kwa maji ya moto kabla ya hapo, imebaki mifupi vilevile. Naikunja hadi kwenye kiwiko.

Asanteni sana.