Faili la hosts linagoma kuhifadhika: njia ipi kati ya hizi tatu?

Mchwa07: Wakuu, Windows 11. Nikihariri C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts (faili linaloambia kompyuta jina la tovuti liende anwani ipi), Notepad inakataa kuhifadhi, eti sina ruhusa. Akaunti ni ya msimamizi. Nichague ipi: Notepad ya msimamizi, kunakili faili Desktop na kulirudisha, au takeown (amri ya kujimilikisha faili)?

Kipanga: Ya kwanza. Hata kwa akaunti ya msimamizi, UAC (ulinzi wa Windows unaoomba idhini) huendesha programu zako kwa uwezo wa mtumiaji wa kawaida mpaka ubonyeze Yes. Tafuta Notepad kwenye Start, bofya kulia, chagua "Run as administrator", halafu Ctrl+O humo humo. Badili "Text documents" kuwa "All files", la sivyo folda itaonekana tupu. Ukilifungua faili kwa kulibofya kwenye Explorer, umerudi ulikotoka.

Nyuzi_Tatu: Kunakili nako kunakubali, ila ukitumia Save As, Notepad huweza kupachika .txt na Windows huficha viendelezi. Unarudisha hosts.txt, mfumo hauisomi, unabaki kulaumu ruhusa bure. Washa kwanza View > Show > File name extensions.

Mzee_wa_CMD: Takeown hapa ni kuvunja mlango na ufunguo unao mfukoni. Andika icacls C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts uone ruhusa za faili: BUILTIN\Administrators:(I)(F). F ni ruhusa kamili. Takeown ni ya mafaili ya System32 yanayomilikiwa na TrustedInstaller (akaunti ya Windows yenyewe), na ukimaliza urudishe umiliki: icacls faili /setowner "NT SERVICE\TrustedInstaller". Wengi husahau hatua hii.

Mchwa07: Na kama Notepad ya msimamizi nayo ikigoma?

Kipanga: Angalia alama ya kusoma tu: attrib -r ikifuatiwa na njia nzima ya faili, kwenye CMD ya msimamizi. Ikiwa bado, fungua historia ya antivirusi. Defender (antivirusi ya Windows) huweza kuliona badiliko kama utekaji wa hosts, hasa ukizuia anwani za Microsoft. Faili likihifadhika lakini jina bado linaenda anwani ya zamani, endesha ipconfig /flushdns kufuta kumbukumbu ya anwani, kisha funga kivinjari chote.

Pweza: Kwa wa Linux, ambako sudo huipa amri uwezo wa msimamizi: sudo echo "127.0.0.1 mradi.test" >> /etc/hosts hugoma kwa sababu alama ya >> inashughulikiwa na sheli yako (programu inayopokea amri zako), si sudo. Tumia echo "127.0.0.1 mradi.test" | sudo tee -a /etc/hosts. Hiyo -a usiiache. Bila hiyo tee inafuta faili zima na kubakiza mstari wako mmoja.